Mgeni Aliyepewa Jembe: Uhakiki wa Albamu ya Ok-Oyot System ya Bendi ya Extra Golden

Ikisiri

Makala haya yanahakiki Ok-Oyot System, albamu ya kwanza ya bendi ya Extra Golden, iliyorekodiwa Nairobi mwaka 2004 na kutolewa Marekani mwaka 2006. Katika albamu hiyo, wanamuziki wa roki huru kutoka Marekani walishirikiana na wapigaji wa benga wa Kenya. Makala yanapinga mazoea ya kuueleza muziki wa aina hii kwa neno "mchanganyiko", na kudai kwamba nguvu na udhaifu wa albamu hii hubainika zaidi panapoulizwa, katika kila wimbo, nani mwenyeji na nani mgeni.

Utangulizi

Uhakiki wa muziki wa Afrika Mashariki umezoea kutumia neno "mchanganyiko" kila panapokutana ala, lugha au mataifa mawili. Neno hilo ni jepesi mno. Linaueleza muziki kana kwamba ni chai na maziwa: vikishatiwa katika sufuria moja, hapana haja tena ya kuuliza kipi kilitangulia na nani aliyewasha moto. Mhakiki akilitumia hujiondolea kazi ya kusikiliza, kwa sababu neno lenyewe limekwisha kumjibia swali kabla halijaulizwa.

Extra Golden ni bendi inayolitia neno hilo mashakani. Ian Eagleson na Alex Minoff walikuwa wapiga gitaa wa Golden, bendi ya roki huru ya Marekani. Eagleson alifika Kenya kwa ajili ya utafiti wa shahada ya uzamivu kuhusu benga, na katika kazi hiyo akafahamiana na Otieno Jagwasi, mwimbaji na mpiga gitaa wa Orchestra Extra Solar Africa. Minoff alipomtembelea mwenzake mwaka 2004, wakarekodi pamoja na Otieno na mpiga drams Onyango Wuod Omari, kwa vifaa vya kubebeka. Jina la bendi likachukuliwa kutoka pande zote mbili: Extra ya Extra Solar Africa na Golden ya Wamarekani. Otieno alifariki mwaka 2005. Albamu ilipotolewa na kampuni ya Thrill Jockey ya Chicago mwaka uliofuata, mwenye sauti kuu ndani yake hakuwapo kuisikia ikipokelewa.

Huenda pakaulizwa kwa nini kongamano la Kiswahili lijishughulishe na albamu iliyoimbwa kwa Kidholuo na Kiingereza. Jibu ni kwamba istilahi zilizomo vinywani mwa wapigaji wa eneo hili zima, yaani solo, rithimu, besi, drams, chemko, ni za Kiswahili cha bendi, na lugha hiyo imekuwa ikiuzungumzia muziki huu majukwaani kwa miongo mingi bila kuandikwa vya kutosha vitabuni. Isitoshe, benga yenyewe haikuwahi kukaa ndani ya mpaka mmoja. Daniel Owino Misiani, aliyeipa sifa kubwa kwa bendi yake ya Shirati Jazz, alizaliwa upande wa Tanzania, katika eneo la Shirati, akajijengea jina Kenya. Mtindo unaodaiwa kuwa wa nchi moja ulikuwa tayari umevuka mpaka kabla Mmarekani yeyote hajaugusa.

Jina na mtindo

Ok oyot ni maneno ya Kidholuo yenye maana ya "si rahisi". Neno la pili la jina la albamu, System, ndilo linalostahili kutazamwa kwa makini zaidi. Msikilizaji wa ughaibuni huenda akalipita kama pambo tu. Msikilizaji wa Afrika Mashariki hulisikia kwa sikio lingine, kwa kuwa anajua desturi ya bendi kuupa mtindo wake jina na kutembea nalo: Msondo wa NUTA Jazz na warithi wake, Sikinde ya Mlimani Park, Kamanyola ya Maquis. Bendi yenye mtindo usio na jina ilikuwa kama duka lisilo na kibao. Ikisomwa hivyo, Ok-Oyot System ni tangazo la mtindo mpya, linalotolewa kwa kanuni ya wenyeji. Wageni wameingia katika desturi ya kutaja mtindo. Hawakuja na desturi yao ya kuita albamu kwa sentensi ya kujitafakari.

Lakini katika albamu hiyohiyo upo pia wimbo uitwao "It's Not Easy". Majina mawili, la wimbo huo na la albamu, yana maana moja katika lugha mbili. Mtu angetarajia kwamba mmoja ni tafsiri ya mwingine, kumbe "Ok-Oyot System" na "It's Not Easy" ni nyimbo mbili tofauti. Kila upande umechukua kauli ileile ya ugumu wa maisha na kwenda nayo kwake. Hapa ndipo neno "mchanganyiko" linaposhindwa kabisa. Vitu vilivyochanganyika havibaki na majina mawili.

Gitaa, besi na drams

Ili kuona nani anamfuata nani, ni lazima kurudi kwenye namna benga inavyojengwa. Wapigaji wa kwanza wa benga walihamishia kwenye gitaa yale yaliyokuwa yakifanywa na nyatiti, ala ya nyuzi nane ya Waluo, ambayo mpigaji wake hukwaruza nyuzi huku akigonga ukingo wa ala kwa pete ya chuma iliyovaliwa kwenye kidole gumba cha mguu. Mtu mmoja hutoa tuni, mapigo na ghani kwa pamoja. Gitaa la benga limerithi tabia hiyo. Solo haisubiri mwimbaji anyamaze ndipo ijionyeshe; humjibu, humsukuma, wakati mwingine humtangulia. Besi nayo haikai chini kushikilia nyumba, bali hutembea na kuzungumza. Kisha wimbo hufikia mahali ambapo maneno hupungua, magitaa yakaachiwa nafasi, na mwendo ukapanda: sehemu ambayo wapigaji wa dansi wa Tanzania huiita chemko.

Roki huru ya Marekani imejengwa kwa msingi mwingine. Gitaa lake hupenda ukwaruzo, mlio uliochafuliwa kwa makusudi, na wimbo husonga kwa kupandisha na kushusha uzito wa sauti. Ubeti huwa mwepesi, kibwagizo kizito. Katika benga, uzito haubadiliki sana. Kinachobadilika ni msongamano, yaani ni nyuzi ngapi zinasemezana kwa wakati mmoja. Mpigaji wa roki anayeingia katika benga bila kulijua hilo huharibu kazi kwa jambo dogo tu: hupiga kwa nguvu mahali ambapo angepaswa kupiga kwa kukatiza.

Katika nyimbo za Kidholuo, hasa "Ilando Gima Onge", Eagleson na Minoff hawakufanya kosa hilo. Methali inasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na hapa wageni wanasikika wakilima. Magitaa yao yanakubali kuwa sehemu ya msuko badala ya kuwa sauti ya kiongozi. Panapotokea rangi ya roki, hutokea katika mlio zaidi kuliko katika mapigo: nyuzi zina ukungu kidogo kuliko zilivyo katika benga ya kanda za kaseti, ambayo hupenda mlio mkavu na safi kama kengele. Onyango Wuod Omari, kwa upande wake, hajabadilisha kitu ili kuwapendeza wageni. Drams zake ndizo mlango wa nyumba, na kila anayeingia hupitia hapo. Iwapo patatafutwa sababu moja ya albamu hii kutosikika kama kumbukumbu ya watalii, basi ni mpigaji huyu, ambaye kwa bahati mbaya hutajwa mwishoni kila bendi hii inapozungumziwa.

Sauti ya Otieno inahitaji neno lake. Haijapambwa. Anaimba kama mtu anayeeleza jambo kwa jirani, na urefu wa nyimbo unampa nafasi ya kulieleza bila haraka. Usikilizaji wa leo, unaojua alichokuwa amebakisha cha maisha, hushawishika kuisikia huzuni katika kila pumzi. Mhakiki ajihadhari na kishawishi hicho. Wimbo kama "Osama Rach", ambao jina lake tu ni hukumu, unamwonyesha mwanamuziki aliyekuwa akishughulika na dunia, si na kifo chake. Nairobi ilikuwa imepigwa bomu tarehe 7 Agosti 1998, na watu zaidi ya 200 waliuawa. Benga imekuwa gazeti la wasikilizaji wake tangu enzi za Misiani, na Otieno yuko kazini humo.

Mahali ambapo kazi inalegea

Udhaifu wa albamu umo katika nyimbo za Kiingereza. "It's Not Easy" na "Tussin' and Fightin'" si nyimbo mbaya. Zingekuwa katika albamu ya Golden, zingepita bila lawama. Tatizo ni kwamba mwenyeji amebadilika na hakuna aliyebisha hodi. Utungo unaegemea mpangilio wa roki, na wapigaji wa Kenya sasa ndio wanaopaswa kufuata njia wasiyoichora. Wanafuata kwa ustadi, lakini ule usemezano wa sauti na solo unapungua, na gitaa linarudi katika nafasi ya kumsindikiza mwimbaji. Usawa wa kugawana nyimbo kwa lugha, ambao bila shaka ulikuwa na nia njema, umezaa matokeo yasiyo sawa kisanaa. Pengine haki ingetendeka zaidi kama Wamarekani wangeimba Kiingereza chao ndani ya utungo wa benga, wakaacha solo iwajibu kwa Kidholuo.

Hata hivyo, kasoro hii ina heshima yake ikilinganishwa na njia nyingine zilizozoeleka. Paul Simon alipotoa Graceland mwaka 1986, kazi ya wanamuziki wengi wa Afrika Kusini ilibeba jina la mtu mmoja kwenye jalada. Vampire Weekend, bendi ya New York iliyotoa albamu yake ya kwanza mwaka 2008, iliweka kwasa kwasa katika jina la wimbo bila kuwa na Mkongomani katika bendi. Extra Golden walikosea wakiwa chumba kimoja na watu ambao muziki ni wao, na mshono wa kazi yao umeachwa wazi ili kila mwenye sikio auone. Ni aina bora ya kukosea.

Sifa na viza

Swali la mwenyeji na mgeni liligeuka la kiserikali mwaka 2006, bendi ilipoalikwa kwenye tamasha la muziki wa dunia mjini Chicago. Mtafiti wa Kimarekani alikuwa ameingia Kenya na kukaa. Wapigaji wa Kenya walipotakiwa kwenda upande wa pili, viza zikawa kikwazo. Ofisi ya Barack Obama, wakati huo seneta wa Illinois, ilisaidia kulitatua jambo hilo. Albamu ya pili, Hera Ma Nono ya mwaka 2007, ina wimbo uitwao "Obama".

Wimbo huo mara nyingi husikilizwa kama utabiri wa uchaguzi wa 2008. Usomaji huo unaupotosha. Katika benga, na katika pakruok, ile desturi ya Waluo ya kujisifu na kusifiana penye ngoma, anayemtendea mwanamuziki wema hutajwa ndani ya muziki. Wafadhili, wenye magari, wenye baa, walimu, wote wametajwa. Seneta aliyefungua njia ya viza ameingizwa katika orodha hiyo kwa kanuni ileile, kama ambavyo angeingizwa mfanyabiashara wa Kisumu aliyelipia mafuta ya basi. Cheo chake ni nyongeza. Ni wimbo wa shukrani kwa tendo mahususi, na uzuri wake upo katika kukataa kwake kuwa mkubwa kuliko tendo hilo.

Mambo haya yanaathiri pia jinsi ya kulijibu swali la upya. Kwa msikilizaji wa Chicago, Ok-Oyot System ilikuwa roki iliyopata njia mpya. Kwa msikilizaji wa baa ya Nairobi, nyimbo zake za Kidholuo ni benga yenye gitaa lenye mlio wa kigeni kidogo, na upya wake ni wa kiasi cha chumvi. Wa kwanza ndiye aliyenunua albamu, na maandishi kuihusu yamefuata sikio lake. Sikio la pili limeandikwa kidogo sana. Baada ya Otieno, nafasi ya uimbaji ilichukuliwa na Opiyo Bilongo, mwanamuziki mwenye jina lake mwenyewe katika benga, na katika kazi za baadaye msuko ukakaza, nyimbo zikafupika, ile mipaka ya lugha na lugha ikaanza kufifia. Anayetaka kusikia mtindo uliokomaa atazipendelea albamu hizo. Anayetaka kuusikia ukiwa bado unajadiliwa, gitaa kwa gitaa, na mwenyeji akiwa bado hai kuujibu, itambidi arudi kwenye rekodi za mwaka 2004.