Brashi ya Msomi, Mkono wa Fundi: Uchoraji wa Wasomi katika Kaure ya China

Wahakiki wa sanaa ya China wamezoea kuvieleza vyombo vya kaure vya mezani pa msomi kama kivuli cha picha za karatasi. Maelezo hayo yana ukweli, lakini yanamdhulumu fundi.

Tangu zama za Su Shi (1037–1101) wasomi walishikilia kwamba picha, kama shairi, hudhihirisha nafsi ya mchoraji, wala si kazi ya kuuzwa sokoni. Dong Qichang (1555–1636) aliikaza itikadi hiyo alipowatenga wachoraji wasomi na wale wa kulipwa. Ajabu ni kwamba itikadi iliyomdharau fundi ndiyo iliyomlisha. Maagizo ya kasri yalipopungua huko Jingdezhen mwanzoni mwa karne ya 17, matanuri ya watu binafsi yalitafuta wateja wengine, na miongoni mwao walikuwamo wasomi waliohitaji vikopo vya kuwekea brashi na vyombo vya kudondoshea maji juu ya jiwe la kusagia wino.

Kikopo cha brashi hasa ndicho kidaicho uhakiki. Karatasi iliyokunjwa hukunjuliwa kutoka kulia kwenda kushoto, nayo ina mwanzo na mwisho. Kikopo ni mviringo, na mandhari yake humrudia mtazamaji kila akizungushapo. Mlima uishie wapi? Aghalabu fundi aliacha wingu, au akaandika shairi penye pengo. Tena kobalti ipakwayo juu ya udongo usiochomwa hunywewa papo hapo: kosa halifutiki, na buluu yenyewe haionekani mpaka tanuri lifunguliwe. Auitaye ustadi huo kunakili hajaufikiria. Vyombo vya mtindo uitwao wa Bwana wa Miamba, ambavyo majabali yake yamejengwa kwa mistari myembamba iliyosongamana, vina pumzi iliyozikosa picha nyingi za wafuasi wa Dong.

(Kaure zilizopachikwa katika makaburi ya Mambrui na Kunduchi ni za ukoo mwingine: bakuli na sahani za biashara.)

Katika nusu ya pili ya karne ya 19, Cheng Men na wenzake walichora kwa rangi hafifu juu ya kaure iliyokwisha kuchomwa, wakimfuata Huang Gongwang (1269–1354), wakatia majina yao. Fundi akapata jina hatimaye. Lakini rangi zile, zilizochomwa kwa joto dogo, huchubuka upesi, ilhali buluu ya wale wasiojulikana, iliyolala chini ya mng'aro, ingali pale.