Mshairi Aliyeuza Maono

Utenzi wa Joel Barlow uitwao *The Vision of Columbus* ulitoka mwaka 1787, Marekani ingali dola changa. Ndani yake Columbus, mzee aliyetupwa gerezani, hujiwa na malaika, akapandishwa mlimani na kuonyeshwa bara zima pamoja na mustakabali wake: mito, miji na amani. Vina vimepangwa viwili viwili, na mizani imetulia. Lakini kila kitu hutazamwa kwa mbali. Msomaji huyaona mashamba, asiuone mkono wa mkulima.

Mwaka 1788 Barlow alikwenda Ufaransa akiwa wakala wa Kampuni ya Scioto, kuuza ardhi kandokando ya mto Ohio. Nyuma ya kampuni alikuwapo William Duer, mlanguzi wa New York. Walichokuwa nacho ni haki tu ya kuja kuinunua ardhi ile siku za mbele. Milki yenyewe hawakuwa nayo. Tena Washawnee na mataifa mengine wenyeji walikuwa wakiipigania. Hata hivyo, huko Paris hati ziliuzwa kana kwamba ardhi imekwisha kulipiwa. Mwaka 1790 mamia ya Wafaransa walivuka bahari, wakafika Gallipolis na hati zisizo na nguvu. Duer alifilisika na kufungwa kwa madeni mwaka 1792. Mwaka 1795 Bunge la Marekani liliwapa Wafaransa hao fungu la eka 24,000.

Utenzi na hati vilitumia lugha moja: jambo litakalokuwa likasemwa kana kwamba limekwisha kuwa. Katika ushairi hiyo ni ruhusa ya kale, wala hapana mwenye kudhulumika. Katika biashara, ruhusa hiyo hiyo huwafukarisha watu.

Utenzi ule aliupanua, akautoa tena mwaka 1807 kwa jina la *The Columbiad*. Ukubwa uliongezeka, uhai haukuongezeka. Shairi lake lililo hai ni *The Hasty-Pudding*, alilolitunga Savoy mwaka 1793, akiisifu sima ya mahindi ya kwao. Humo ardhi haiahidiwi mtu. Imelimwa, imevunwa, imesongwa, imeliwa. Barlow aliyeonyesha bara zima hakumshibisha msomaji. Aliyeonyesha bakuli moja alimshibisha, kwa kuwa mara hii alikisifu kitu alichokuwa nacho.