Baa ya Mlimani Park na Umbo la Wimbo wa Dansi

Mara nyingi wimbo wa dansi wa Tanzania umehukumiwa kana kwamba ulizaliwa redioni. Wahakiki huyachukua maneno yake, wakayaandika karatasini, wakayapima kwa mizani na vina, kisha wakatamka kwamba hapa mshororo umepungua na pale neno limerudiwa bila haja. Sisi tulio watunzi wa mashairi tunaujua utamu wa mizani, wala hatuna nia ya kuudharau. Lakini wimbo wa dansi ulikuwa na nyumba yake, na nyumba hiyo aghalabu ilikuwa baa. Hapana budi tuitazame nyumba kabla ya kumlaumu mjenzi.

Tuchukue Mlimani Park ya Dar es Salaam. Leo jina hilo likitajwa, wengi hufikiri bendi. Si wengi wanaokumbuka kwamba kwanza lilikuwa jina la baa. Bendi zilizotangulia zilijiita kwa miji yao, kama Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz na Tabora Jazz, au kwa chama cha wafanyakazi, kama NUTA Jazz ya mwaka 1964, ambayo baadaye ikawa JUWATA. Mwaka 1978 shirika la usafiri na teksi, TTTS, lilipounda bendi yake, jina lililochukuliwa lilikuwa la mahali pa kunywea na kuchezea. Watu walicheka, lakini jina lilisema kweli.

Mafundi waliokusanywa hawakuwa wageni katika kazi. Muhiddin Maalim Gurumo na Hassan Bichuka walitoka JUWATA. Abel Balthazar alitoka Dar International. Michael Enoch alikuwa amekwisha kujipatia sifa kwa gitaa la Dar es Salaam Jazz kabla ya kushika saksafoni, ile ambayo wapenzi wa dansi huiita mdomo wa bata. Mtindo wao waliuita Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo. Hivyo ngoma ya kiwanjani iliingia chini ya taa za baa, ikavikwa magitaa na tarumbeta.

Sasa tuutazame wimbo wenyewe. Sehemu yake ya kwanza huenda polepole. Waimbaji huleta kisa: mume na mke, mzazi na mwana, tajiri anayetaka kununua mapenzi. Walioketi mezani husikiliza, na wanaocheza hucheza kwa utulivu ili maneno yasiwapite. Kisha maneno hupungua, magitaa yakashindana na kujibizana, tarumbeta zikaingia, na wimbo ukageuka chemko. Hapo kisa kimekwisha na miguu ndiyo yenye zamu. Umbo hilo la sehemu mbili liliwafaa watu wa aina mbili waliolipa kiingilio kimoja: aliyekuja kusikia na aliyekuja kutoa jasho. Anayelalamika kwamba nusu ya pili haina maneno analalamika kwamba watu walicheza.

Hata kurudia kwa maneno kuna sababu. Katika ukumbi wenye chupa, vicheko na viti vinavyoburutwa, neno lililosemwa mara moja hupotea. Ndiyo maana, kwa maoni yetu, nyimbo nyingi za Sikinde zilijengwa juu ya jina la mtu. "Neema" wa Cosmas Chidumule ni mfano ulio wazi: jina fupi, lenye irabu za kuvutwa, linafika hadi meza ya mwisho. Mtunzi wa utenzi hakulazimika kushindana na chupa.

Hatusemi kwamba kila kilichopigwa kilikuwa kizuri. Zipo nyimbo ambazo chemko lilifunika utungo mwepesi, na zipo nyingi mno zilizomwonya mke huku mume akiachiwa bia yake. Baa ilikuwa na wateja wengi wanaume, na mtunzi alijua nani analipa.

Redio Tanzania ilizirekodi nyimbo hizi na kuzifikisha mikoani. Lakini nchi haikuwa na kiwanda cha santuri kinachofanya kazi, na faida ya kupigwa redioni ilikuwa kuongezeka kwa watu mlangoni siku ya dansi. Mkanda uliobaki ni tangazo la kilichotendeka ukumbini. Wengi wetu leo tunalihakiki tangazo.

Mwaka 1983 TTTS ilishindwa, na bendi ikahamia mikononi mwa Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Ikaongezewa herufi hizo mbele ya jina lake, ikawa ikipiga katika kumbi za shirika, hasa ule wa Kariakoo. Jina la Mlimani Park likawa linatembea bila baa yake. Mwaka 1985 Hugo Kisima, mwenye Orchestra Safari Sound, akawavuta wanamuziki sita wa Mlimani, wakiwamo Gurumo, Bichuka na Balthazar, wakaanzisha mtindo wa Ndekule. Vyombo vilikuwa mali ya mwajiri, na jina la Sikinde pia. Walichoweza kuondoka nacho ni sauti na vidole. Bendi haikufa, na hilo ni sifa ya kumilikiwa na shirika. Lakini utaratibu huohuo ulimfanya mwanamuziki kuwa mtu wa mshahara tu, ambaye wimbo wake haukumwekea akiba.

Gurumo alirudi baadaye katika bendi ya wafanyakazi, Msondo, akaimba huko mpaka alipostaafu mwaka 2013, kiasi cha miaka hamsini tangu NUTA. Mwaka huo Diamond Platnumz, mwimbaji kijana wa Bongo Fleva, alimzawadia gari. Gurumo alifariki Aprili 2014.