Neno «Yahudi» la Kiarabu: muzizi wake ni gani?

Wafasiri wengine wa Kiarabu wa zamani walieleza kwamba «yahudi» linatoka katika «hada», maana yake kurudi, kutubu. Wanashika Kurani, sura ya 7, aya ya 156, pahali Musa anaomba kwa ajili ya watu wake, akisema wamemrudia Mungu. Tena Kurani inawaita Wayahudi «alladhina hadu»: sauti ni ileile. Maelezo haya ni matamu kwa muhubiri. Sisi hatuyakubali.

Jina haliwezi kuzaliwa kwa jirani, nalo lilikuwa tayari kwa wenyewe. Yehuda ni mutoto wa Yakobo, na mama yake Lea (Mwanzo 29, 35) analieleza jina kwa kusifu, si kwa kutubu. Toka mutoto likawa jina la kabila, kisha la ufalme ulioharibiwa na Wababeli karibu mwaka 587 kabla ya Kristu. Wakati wa Wapersi jimbo lile liliitwa Yehud kwa Kiaramu. Herufi zake tatu, Y-H-D, zinasomwa hata leo juu ya feza ndogo za karne ya 4 kabla ya Kristu. Tutazame vema: Yehud, bila «a» ya mwisho. Kiarabu nacho kinasema «yahud» kwa watu wote pamoja, na «yahudi» kwa mutu mumoja, kwa ile «i» inayoonyesha ukoo ao inchi ya mutu. Basi «hada», kwa maana ya kuwa Muyahudi, ni mutoto wa jina, si mama yake.

Watu wa pwani walipokea «yahudi», wakalivika m- na wa-. Kwetu Kongo wengi wanaandika «Wayuda», kwa njia ya Kigiriki (Ioudaios) na Kilatini (Iudaeus). Hapa tuna neno la kulaumu. «Wayuda» linasikika kama watu wa Yuda, na Yuda anayejulikana sana na wakristu ni Iskariote. Ijumaa Kuu, Mateso yanaposomwa, nani atakumbuka mutoto wa Yakobo? Na Petro je, hakuwa Muyahudi? Mutaguso, katika Nostra Aetate (28 Oktoba 1965), ulikataa kuwahesabia Wayahudi wote wa wakati ule, ao wa leo, kifo cha Kristu. Kwa hiyo tunapenda «Wayahudi», hata kama limepita kwa Waarabu: wao wameshika ile «h» ya Yehuda, ambayo Wagiriki waliipoteza.