Kwa Heshima ya Fundi Pampu

Injini ya dizeli haina plagi. Kila dereva wa lori analijua hilo na analipita haraka, lakini kwangu mimi hapo ndipo heshima yote ya fundi pampu inapoanzia. Kwenye petroli, cheche ndiyo inayoamua moto uwake lini. Kwenye dizeli pistoni inaishindilia hewa mpaka joto lake linapita nyuzi 500, nozeli inapuliza mafuta humo ndani, na mafuta yanawaka yenyewe. Yakiingia mapema, moto unawaka mapema. Yakichelewa, moto nao unachelewa. Yakizidi, hewa inaisha kabla ya mafuta. Aliyeishika pampu ameshika kiasi na wakati kwa mkono mmoja.

Rudolf Diesel mwenyewe hakuwa na pampu ya namna hii. Injini yake ilipofanikiwa mjini Augsburg mwaka 1897, mafuta yalisukumwa ndani kwa hewa ya kompresa, mtambo mzito uliofaa viwandani na melini. Pampu ndogo inayosukuma mafuta bila hewa ndiyo iliyoirahisishia dizeli safari ya barabarani, na Bosch wa Stuttgart walianza kuitengeneza kwa wingi mwaka 1927. Ndani yake kila silinda ya injini ina plunja yake ya kusukumia mafuta, na kila plunja ina nyumba yake iliyosagwa pamoja nayo. Nafasi iliyopo kati ya hivyo viwili ni mikroni 2 au 3, ilhali unywele wa binadamu una mikroni 70 hivi. Ndiyo maana fundi wa kweli hachanganyi plunja ya silinda ya kwanza na nyumba ya silinda ya pili, wala hafuti kitu kwa tambara linaloacha nyuzi. Ukipita gereji na kuona sinia la dizeli safi, na vipuri vimepangwa humo viwili viwili, ujue umefika kwa mwenyewe.

Nitazame kwanza taimingi, maana ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote.

Kwenye pampu ya zamani ya mstari mmoja, fundi anafungua bomba la silinda ya kwanza, anatoa vali ndogo iliyo chini yake na springi yake, kisha anafunga hapo kipande cha bomba kilichopindwa kama shingo ya bata. Anapiga pampu ya mkono, mafuta yanachuruzika. Msaidizi wake anaizungusha injini kwa spana ndefu, polepole sana, upande ule ule inaozungukia ikiwa kazini. Mchuruziko unapungua, unakuwa matone, matone yanaachana, kisha hakuna tena. Hapo plunja imefunga tundu lake, na hapo ndipo mafuta yanapoanza kwenda kwenye nozeli. Fundi anaitazama alama ya kwenye flaiwili. Kama injini hiyo inataka digrii 14 kabla pistoni haijafika juu kabisa, alama isome 14. Ikisoma 12, analegeza nati za pampu, anaisogeza kidogo, anakaza, anaanza upya.

Msaidizi akiipitisha injini, hata kwa nukta, fundi hakubali kurudi nyuma hapo hapo. Anaamuru irudishwe mbali kabisa, kisha iletwe tena kwa upande wake, ili ulegevu wa meno ya gia usimdanganye. Nimewaona vijana wakichukia amri hiyo jua likiwa kali. Lakini tupige hesabu: injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, inapita digrii 12 katika kila sehemu moja ya elfu ya sekunde. Hizo digrii 2 zinazobishaniwa hapo chini ya boneti ni muda ambao hakuna sikio wala jicho linaloweza kuupima, na fundi ameupima kwa tone la mafuta.

Makosa ya taimingi hayajifichi. Taimingi ikiwahi mno, injini inagonga kwa sauti kavu, kwa kuwa moto unaisukuma pistoni chini ilhali yenyewe bado inapanda, na gasketi ya silinda hedi ndiyo inayolipa. Ikichelewa, moshi mweupe unatoka asubuhi, nguvu zinapotea mlimani, na joto ambalo lingesukuma pistoni linakwenda kuunguza turbo.

Kiasi kinapimwa mezani. Pampu inashushwa, inafungwa kwenye mashine ya kupimia, na mafuta ya kila plunja yanaingia kwenye kopo lake la kioo lenye mistari. Mipigo 1,000 ikijaza sentimita za ujazo 100, kila mpigo umetoa sehemu moja ya kumi ya sentimita moja ya ujazo. Makopo yote lazima yakae usawa. Moja likipungua, lori litatetemeka hata likiwa limesimama, na dereva atalaumu mipira ya injini. Fundi anasogeza, anakaza, anapima tena, akiwa ameinama macho yawe sambamba na mstari wa kopo. Mwishoni anaifunga skrubu ya mafuta kwa waya na sili ya risasi.

Sili hiyo ndiyo inayokatwa kwanza barabarani.

Maana kila tajiri anataka gari lake lipande mlima wa Kitonga kwa gia ya juu, na kila dereva anajua kuwa skrubu ile ikizungushwa, gari linachangamka. Mazungumzo yake hayabadiliki.

"Fundi, niongezee mafuta kidogo. Mzigo mzito."

"Mafuta unayo, mzee wangu. Huna hewa."

Kisha anafungua chujio la hewa na kulipigapiga chini, na vumbi la njia nzima linamwagika. Jibu hilo nalihesabu kuwa kilele cha ufundi. Kuongeza mafuta ni kazi ya dakika moja na inalipa. Kukataa, na kumwonyesha mteja tatizo lilipo, kunataka mtu anayejua kwamba mafuta yasiyo na hewa ya kuyachoma yanageuka moshi mweusi na joto linaloharibu pistoni. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Wa kwanza kuuvuta ni utingo na mama lishe wa kituo cha malori.

Tena hewa yenyewe haiko sawa kila mahali. Lori linalotoka Mombasa kwenda Malaba linaanzia usawa wa bahari, linapita Nairobi kwenye mita 1,700 hivi, kisha linapanda Timboroa, zaidi ya mita 2,700, ambako kanieneo ya hewa imepungua kwa zaidi ya robo. Injini kuukuu isiyo na turbo, iliyopimiwa pwani mpaka tone la mwisho, itafuka moshi huko juu. Fundi anayeuliza "unabeba wapi, unashusha wapi?" kabla hajagusa spana anaipima barabara pamoja na pampu.

Siku hizi mafundi wengi wanafungua kompyuta ndogo badala ya sinia. Lori la Hino lenye mfumo wa Denso wa reli moja ya mafuta lilitoka mwaka 1995, na tangu hapo nozeli nyingi zinafunguliwa kwa umeme, kwa amri ya programu. Injini inaweza kupewa tone dogo kwanza ili moto uanze taratibu, kisha mafuta yenyewe yafuate. Ndiyo sababu malori mapya hayagongi kama ya zamani. Taimingi, kiasi na presha ya reli vyote ni namba kwenye majedwali, na atakaye huzibadilisha. Marekani uhuru huo ulizaa maafa yake: mwaka 2020 shirika la serikali la mazingira lilikadiria kuwa pikapu zaidi ya 550,000 za dizeli zilikuwa zimeondolewa vifaa vya kudhibiti moshi katika miaka 10 hivi. Huo si ufundi. Ni kukata sili kwa kompyuta.

Sikubaliani na wanaosema kompyuta imemmaliza fundi pampu. Kijana anayepakia faili la kununuliwa mtandaoni, lililoandikiwa mafuta mengine na milima mingine, bado hajawa fundi. Yule anayesoma joto la moshi na presha ya turbo gari likiwa na mzigo, akaongeza kidogo, akasimama hewa ilipoishia, huyo ni ndugu wa yule wa tone na flaiwili.

Wewe mwenye lori, mlipe fundi huyo bei yake bila kumvuta shati. Dai karatasi ya vipimo vya pampu yako, uihifadhi pamoja na kadi ya gari. Na dereva akikuomba ruhusa ya kukata sili kabla ya mlima, mwambie asafishe kwanza chujio la hewa.