Sifa za Mtunza Anwani

Katika ukanda wetu wa dhahabu tunajua kumsifu aliyeuona mwamba kwanza, mwenye duara la kuchimbia na fundi wa karasha la kuponda mawe. Leo namsifu mtu wa masijala, anayehakikisha kwamba barua ya serikali inamkuta mwenye haki yake. Kazi hiyo ni ufundi kamili, nao unastahili heshima ileile tunayowapa wanaochonga chuma.

Chukulia fundi wa Katoro au Kahama aliyebuni chombo cha kunasa mvuke wa zebaki wakati wa kuchoma dhahabu. Akitaka ubunifu wake ulindwe, ataomba hataza BRELA, wakala wa serikali unaosimamia Sheria ya Hataza ya 1987. Akitaka ulinzi uvuke mipaka, iko ARIPO, shirika la kikanda la Afrika la miliki bunifu lenye makao mjini Harare, lililozaliwa na mkataba uliosainiwa Lusaka Desemba 9, 1976, na uko Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza, ambao Tanzania imo tangu Septemba 14, 1999. Popote atakapopita, fomu itamdai anwani ya mawasiliano. Tangu siku hiyo ofisi haimjui kwa sura wala kwa karakana yake. Inamjua kwa mistari ile michache. Hoja za mchunguzi zitatumwa hapo, siku za kujibu zitahesabiwa, na ukimya wake utachukuliwa kuwa ameacha ombi.

Huku kwetu anwani hazitulii. Ikisikika kwamba Rwamgasa au Nyarugusu kumetema dhahabu, watu wanafunga virago usiku huohuo. Hata asiyehama, mipaka humfuata. Mkoa wa Geita ulipoanzishwa 2012, Geita yenyewe ilitoka Mwanza, Chato ikatoka Kagera na Bukombe ikatoka Shinyanga. Mkazi wa Ushirombo akabadilishiwa mkoa bila kuinua hata kiti chake. Miaka 10 baadaye, kabla ya sensa ya 2022, ikaja operesheni ya anwani za makazi, nyumba zikapewa namba na mitaa ikawekewa vibao. Sanduku la posta nalo mara nyingi ni la kuazima: la shule, la parokia, la halmashauri. Mwalimu mkuu akihamishwa, njia ya barua inakatika. Baruapepe wengi wamefunguliwa na kijana wa steshenari aliyewajazia fomu, na nywila anaijua yeye.

Hapo ndipo mtunza anwani anapoonyesha kazi yake. Mwangalie barua inapofika. Kabla ya kuifungua anasoma bahasha pande zote mbili. Anagonga muhuri wa kupokelea wenye tarehe, anaingiza kwenye rejista namba ya kumbukumbu, mtumaji na siku ya mwisho ya kujibu, kisha anaibana bahasha pamoja na barua yake. Mgeni wa kazi hii angeitupa bahasha. Yeye anajua kwamba chini ya kanuni ya 80.6 ya Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza, mwombaji akithibitisha kuwa hati ilimfikia zaidi ya siku 7 baada ya tarehe iliyoandikwa juu yake, siku zilizozidi huongezwa kwenye muda wake wa kujibu. Muhuri uliofifia wa Posta unaweza kumrudishia mvumbuzi wiki nzima.

Barua yake ya kubadili anwani nayo haina neno la bure: namba ya ombi, jina la mwombaji kama lilivyoandikwa mwanzo, jina la uvumbuzi, anwani ya zamani, anwani mpya, saini. Mwenye maombi matatu anamworodheshea namba zote tatu, kwa kuwa hachukulii kwamba kurekebisha jalada moja kumerekebisha mengine. Kwa maombi ya kimataifa anakumbuka kanuni ya 92bis: mabadiliko yaombwe kabla ya kuisha miezi 30 tangu tarehe ya kipaumbele. Wakala akiachishwa kazi, siku hiyohiyo anaandika barua ziende wapi. Hataza ikiuzwa, anauliza nani atalipa ada na kumbukumbu za ada zitatumwa kwa nani.

Swali hilo la mwisho ni zito. Kwa mfano, nchini Marekani mwenye hataza anaweza kuandikisha anwani ya ada peke yake, tofauti na ile ya mawasiliano mengine. Ada za huko hudaiwa miaka 3 na nusu, 7 na nusu na 11 na nusu tangu hataza itolewe, na kutoipata barua ya kukumbushwa hakumwondolei mtu wajibu wa kulipa. Mkataba wa Paris, ambao nchi yetu imo tangu 1963, unazitaka nchi wanachama zimpe aliyechelewa ada muda usiopungua miezi 6. Huruma hiyo humfaa anayejua kwamba amechelewa.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Wachimbaji wadogo wanaielewa kauli hiyo, maana leseni yao ya miaka 7 inaweza kutikiswa na hati ya makosa iliyokwenda kwenye anwani wasiyoitumia tena. Kampuni kubwa ina mawakili Dar es Salaam na watu wa kufuatilia kila tarehe. Fundi wa Katoro ana akili na mikono yake. Akikosa wa kumtunzia anwani, sheria inayomlinda mwenzake itampita.

Kwa hiyo nasema ufundi huu ufundishwe na ulipwe. Vyama vya wachimbaji, ofisi za SIDO, shirika la viwanda vidogo, na halmashauri zetu ziwe na mtu ambaye kila mwaka anamuuliza kila mvumbuzi: bado uko palepale, namba yako ni ileile, sanduku bado ni lako? Anayeuliza hivyo na kuandika majibu analinda uvumbuzi sawasawa na aliyeubuni.