Hatia ni Swali Moja, Adhabu ni Jingine

Mwaka 2002 Mahakama Kuu ya Uganda ilimtia hatiani Susan Kigula kwa kumuua mwenzi wake, ikamhukumu kunyongwa. Jaji hakuwa na adhabu nyingine ya kutoa, kwa kuwa sheria ya wakati huo iliweka kifo peke yake kwa kosa la kuua kwa kukusudia. Tarehe 21 Januari 2009 jina la mama huyo lilibeba hukumu ya Mahakama ya Juu iliyowagusa wafungwa wengine 417. Wengi wanaikumbuka hukumu hiyo kama ushindi wa huruma. Naamini uzito wake uko kwingine: ilirekebisha namna rufaa yenyewe inavyofanya kazi.

Mahakama ya rufaa ya kwanza katika nchi zetu ina wajibu wa kuupima upya ushahidi wote na kufikia uamuzi wake yenyewe, huku ikikumbuka kwamba haikuwaona mashahidi wakitoa ushahidi. Ndivyo ilivyoelezwa katika kesi ya Okeno ya mwaka 1972, na Mahakama ya Juu ya Uganda ikakazia wajibu huo katika kesi ya Kifamunte ya mwaka 1997. Dhamira ya kuua haionekani kwa macho, kwa hiyo majaji huitafuta kwenye matendo: silaha gani ilitumika, ilitumikaje, jeraha liko sehemu gani ya mwili, mshtakiwa alifanya nini kabla na baada ya tukio. Vipimo hivyo, vinavyofuatwa tangu kesi ya Tubere ya mwaka 1945, vinafaa kujibu kama mtu alikusudia. Havisemi lolote kuhusu miaka ya vipigo ambayo huenda ililitangulia tukio hilo. Utetezi wa kughadhabishwa nao ni finyu, maana unadai hasira ya papo hapo. Mke aliyevumilia mateso muda mrefu, kisha akaua siku ambayo hakuguswa, haumfikii. Juu ya hayo, kifungu cha 132 cha sheria ya Uganda ya mashauri ya Mahakama Kuu kilizuia rufaa dhidi ya adhabu iliyokwisha kupangwa na sheria. Jopo likabaki na njia tatu: kuitupa rufaa, kumwachia huru mrufani, au kulishusha kosa liwe kuua bila kukusudia. Jaji aliyeona kwamba mtu huyu hastahili kitanzi alishawishika kuipinda maana ya dhamira ili amwokoe. Aliyekataa kuipinda alithibitisha kifo akijua hakilingani na kosa. Kwa vyovyote sheria iliumia.

Mahakama ya Juu haikuifuta adhabu ya kifo, kwa sababu Katiba ya Uganda, ibara ya 22(1), inaitambua. Iliondoa ulazima wake na kile kizuizi cha rufaa. Hoja yake nzito zaidi ni nyepesi kueleweka: mshtakiwa wa kosa dogo husikilizwa shufaa yake kabla ya kuadhibiwa, iweje anayekabiliwa na kifo anyimwe? Waliokaa zaidi ya miaka mitatu baada ya mahakama ya mwisho kuthibitisha adhabu walibadilishiwa adhabu hiyo kuwa kifungo cha maisha. Wengine walirudishwa Mahakama Kuu wasikilizwe juu ya adhabu tu. Mwaka 2011 Kigula alipewa kifungo cha miaka 20, akatoka gerezani Januari 2016. Hatia yake haikufutwa.

Kuna pingamizi linalostahili jibu la dhati. Wanaouawa na wenzi wao wengi ni wanawake. Je, hiari ya jaji haitakuwa nafuu kwa wanaume wauaji? Hatari hiyo ipo. Lakini ulazima haukuwalinda wanawake hao. Mume aliyedai kuwa alimfumania mkewe aliweza kupenya kwa utetezi wa kughadhabishwa, na historia yake ya ukatili haikuongeza chochote kwenye adhabu iliyokuwa moja tu. Pale hiari ilipo, historia hiyo huhesabiwa kuwa sababu ya kuongeza ukali. Wanaohofia adhabu kutofautiana kutoka jaji hadi jaji wana dawa mbili: miongozo ya adhabu, ambayo Uganda iliitoa mwaka 2013, na rufaa juu ya adhabu, ambayo upande wa mashtaka pia unaweza kuikata. Adhabu ya lazima haikuondoa hiari. Iliihamishia kwenye msamaha wa rais, ambako hakuna sababu zinazoandikwa wala kupingwa.

Kenya ilifuata njia hiyo katika kesi ya Muruatetu, Desemba 2017. Tanzania haijaifuata. Kifungu cha 197 cha Kanuni yake ya Adhabu kinamlazimisha jaji kutoa adhabu ya kifo, ingawa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua tarehe 28 Novemba 2019, katika shauri la Ally Rajabu na wenzake, kwamba ulazima huo unakiuka haki ya kuishi, ikaiagiza serikali kuuondoa. Agizo hilo linangoja Bunge lifanye kazi yake, na wabunge wetu waulizwe wanangoja nini.